Msaada: kobe wawili ndani ya nyumba, baridi imeanza na mmoja hali

Baba Nuru
Wakuu habarini za saa hizi. Niko huku Manchester, jirani yetu kahama akawaachia wanangu kobe wawili, wale wadogo wa aina ya Hermann, wote madume. Kiangazi chote walikuwa uani wanakula magugu hawana neno, sasa baridi imeingia nimewaleta ndani nikawaweka kwenye akwariamu ya kioo niliyokuwa nafugia samaki, futi nne, nimetandika magazeti na nimeiweka dirishani wapate jua. Wiki ya pili hii mmoja hali kitu, kajikunyata kona macho kafumba, na mwingine kutwa anakwaruza kioo krr krr krr mpaka mama watoto kahamia kukaa jikoni. Nakosea wapi?

MkataMbao
Kaka watoe humo leo leo. Kobe haelewi kioo, anaona njia ipo ila haipitiki ndo maana anakwaruza. Na hilo jua la dirishani unajidanganya, UVB, ile mionzi ya jua inayomsaidia kutengeneza vitamini D ili gamba lisilegee haivuki kioo cha dirisha, anapata mwanga tu. Mimi niko Uholanzi, nilichofanya nilinunua shelfu la vitabu la mtumba nikalilaza chali, nikang'oa mbao za katikati, nikatandika nailoni nzito mpaka kwenye kingo, nikajaza udongo wa bustani usio na mbolea nikachanganya na mchanga kidogo, kina kama sentimita 10 maana wanapenda kujifukia. Juu wazi. Upande mmoja taa ya joto na chini yake jiwe bapa, upime joto hapo kwenye jiwe sio hewani, iwe 32 mpaka 35, upande wa pili uache kwenye 20 hivi apate pa kupoa. UVB chukua taa ya tyubu ndefu nyembamba, wanaiita T5, washa masaa 12 kisha zima, na badilisha kila mwaka hata kama bado inawaka, UVB inaisha kabla mwanga haujaisha. Taa ifunge kwa mnyororo, usiamini kibano, changu kililegea kwa joto nikarudi kazini nakuta udongo unafuka moshi.

bi_shamba
Mmeongelea taa weee, madume wawili mbona mmewaruka? Huyo wa kona sio baridi peke yake, anaonewa. Kobe si mbuzi wala kuku, hahitaji mwenzie, dume akiona dume anamgonga na gamba na kumng'ata miguu, na hata asipomng'ata akimganda tu mwenzie anaacha kula. Mgeuze umwangalie miguu ya nyuma na mkiani. Watenganishe kwa ubao wasionane kabisa. Huyo mgonjwa mwogeshe maji ya uvuguvugu yasipite kidevu, dakika 15, mara nyingi hapo ndo wanakunywa. Asipokula, au ukiona pua inatoa kamasi, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia, sio yule wa paka.

Mtoto wa Malindi
Kobe analipiwa bili ya umeme 😂😂 hapa Unguja wale kobe majitu wa kisiwa cha Changuu waliletwa toka Shelisheli mwaka 1919 na taa hawaijui. Ila wadau wa huku msije mkaokota wa porini mkajaribu haya, bila kibali ni kesi hiyo.

Baba Nuru
Asanteni sana, bi_shamba umenipatia. Nyuma ya mguu wa kushoto kulikuwa na alama za kung'atwa zimekauka, na mimi kila siku nawaona wamelaliana najua wanapendana. Nimelaza shelfu la sebuleni, nimegawa kwa ubao kwa sasa huku natafuta shelfu la pili. Juzi alikunywa maji beseni zima, leo chini ya taa kala majani matatu ya dandelayoni. Yule mbabe sasa anakwaruza ubao. Na vitabu vya mama watoto viko sakafuni, hilo nalo natafuta ushauri.

bi_shamba
Hilo la vitabu jibebee mwenyewe kaka.