Naomba ushauri: nitajuaje programu ya kufunga mafaili haina mlango wa siri (njia iliyofichwa ya kuyafungua bila nywila)?

Wakuu, habari za jioni. Niko Mafinga, Iringa, ni msaidizi wa kisheria. Kwenye laptop yangu kuna maelezo ya akina mama kama 40 waliodhulumiwa mashamba ya urithi, pamoja na majina na saini zao. Wameniamini, na hilo linaninyima usingizi.

Nimeweka VeraCrypt, programu ya kufunga mafaili, kwa nywila ya maneno 6, na nakala iko kwenye flashi kwa dada yangu Makambako. Nilidhani nimemaliza. Kisha nikasoma habari za Crypto AG, kampuni ya Uswisi iliyouza mashine za kuficha mawasiliano: mwaka 2020 ilifichuka kwamba CIA na majasusi wa Ujerumani Magharibi waliinunua kwa siri mwaka 1970, na serikali zaidi ya 100 zikaendelea kutumia mashine zake bila kujua. Serikali nzima, zenye wataalamu wake!

Najua msimbo wa VeraCrypt (maandishi ya programu yenyewe) uko wazi kwa yeyote kuusoma na ulikaguliwa 2016, kasoro kubwa nyingi zikarekebishwa. Ila mimi si mwandishi wa programu, na nilichopakua ni faili lililokwisha kutengenezwa. Fundi mmoja wa Mbeya ameniambia nihakiki saini ya PGP ya faili hilo, yaani saini ya kidijitali ya waliolitoa. Nimefanya, imekubali.

Naomba kuuliza mawili. Je, saini hiyo inathibitisha kwamba faili limetokana na msimbo ule ule ulio wazi, au inaonyesha tu nani amelitoa? Na kwa kazi yangu, nihofie zaidi mlango wa siri, au mtu kuikamata laptop ikiwa imewashwa na mafaili yamefunguliwa?