Tupeane uzoefu: tamthilia za mashosti zilizokugusa na shosti uliyemkumbuka

Mwali wa Shangani (Mtwara)
Wadada habari zenu. Tamthilia nyingi za kwetu zinaniudhi kitu kimoja, ukimwona mwanamke ana shosti ujue huyo shosti ndo atamchukulia mume, urafiki wetu unawekwa pale ili uvunjike tu. Ndo maana Girlfriends ilininasa. Ya Marekani, 2000 mpaka 2008, kaianzisha mwanamke, Mara Brock Akil, na wale mashosti wanne wanachambana kweli mpaka mtu analia halafu unawakuta tena meza moja. Mmoja wao, Joan, ni Tracee Ellis Ross, mtoto wa mwimbaji Diana Ross. Kilichoniuma ni shosti wake Toni, yaani Jill Marie Jones, alitoka baada ya sizoni ya 6 wakati yeye na Joan wamekwaruzana, hatukuonyeshwa wakipatana. Mimi na mwenzangu wa tangu shule tulinuniana kwa hela ya mchezo akaolewa akahamia Dodoma bila kuagana, nilivyoona ya Toni nikatafuta namba yake nikampigia. Sasa tunaongea sana tu. Haya na nyie?

Mama Zu
The Golden Girls, hiyo sibadilishi. Mama yangu yuko Mikindani, mjane, anaishi na wajane wenzie, sisi watoto tulitaka aje Dar akagoma katakata na ndugu wakaanza kusema tumemtelekeza. Nikaenda likizo na laptopu nikawawekea nawatafsiria, wanawake wanne watu wazima Miami nyumba moja, usiku wanakaa jikoni wanakula keki wanaongea ya waume, watoto, magonjwa. Wale bibi walicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini! Nilipowaambia Sophia, Estelle Getty, alikuwa mdogo kwa mwaka kuliko Bea Arthur anayecheza kama mwanae, mama akakataa kabisa, akasema wale watu wa make up ni wachawi. Iliisha 1992 na wote wanne walipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, wazee wale jamani, nani angewapa nafasi hiyo huku? Halafu juzi mama presha ilipanda usiku, wenzie ndo walitafuta bajaji wakamfikisha hospitali ya Ligula, mmoja akalala naye wodini, sisi tunapata simu asubuhi keshapata nafuu. Tangu hapo simlazimishi mtu kuhama.

Binti Lindi
Living Single, ilianza 1993. Queen Latifah ni Khadijah ana jarida lake Brooklyn, binamu yake Synclaire anafanya kazi hapohapo, shosti wake Max ni wakili. Sisi tuna saluni ya pamoja hapa Lindi mjini na wengi walituambia wanawake hawachangii hela wakaelewana. Tupo bado.

Baba Masasi
Naomba niingie dada zangu. Wife na shoga ake waliangalia Insecure ya Issa Rae, walipofika sizoni ya 4 Issa na shosti wake Molly (Yvonne Orji, mzaliwa wa Nigeria) wanagombana, kila mmoja akashika upande wake, nikala ugali umepoa.

Mama Zu
@Baba Masasi pole kaka 😂 Ila waandishi wetu nawaomba kwa dhati, nendeni kwenye maghala wakina mama wanakobangua korosho mkae muwasikilize wanavyoongea, wanavyobebana wakati wa msiba na uzazi, tuandikieni hiyo. Hata ikiwa episodi 180 kama Golden Girls mimi nitaangalia zote.