Familia ya Katuba: safari ya Likasi

*Alhamisi*

Yaya Solange, 05:48
Jambo familia. Imebaki siku mbili. Jumamosi 06:00 kila mutu awe kwa Kambo, mama wa Papa, Katuba. Wakwe wa Junior wanatungoja Kikula, Likasi, saa 10:00, kwa mahari. Si 12:00. Ya mara ile kwa Mireille bado tunaikumbuka.

Yaya Solange, 05:50
Motokari ni hivi. Hiace ya Patrick: vijana, bikwembe (vitambaa), magunia, vyombo. Camry ya Dido: Kambo, Mama Mukubwa, Tonton Gustave, mimi.

Yaya Solange, 05:50
Na mbuzi.

Yaya Solange, 07:30
Mko watu 23 humu. Mmesoma. Hakuna anayejibu.

Junior, 07:41
Amen Yaya, dada mukubwa 🙏🏾 bwana harusi iko tayari

Yaya Solange, 07:42
Wewe sikukuuliza. Dido?

Yaya Solange, 10:15
Dido?

Mama Mukubwa, 10:58
Jambo watoto. Mungu awalinde.

Dido, 12:20
Yaya, samahani. Tulikuwa Kasumbalesa, mpakani, tangu jana, simu haikuwa na moto. Nimesoma sasa.

Tonton Gustave, 12:22
Dido, kabla ya yote, mimi bado sijaiona hiyo motokari. Inasemaje?

Yaya Solange, 12:22
Tonton, ajibu kwanza mambo ya jumamosi.

Dido, 12:26
Tonton, ni Camry ya 2015, ya 2.5, ilitoka Dubai, ikashuka Dar, ikapita Zambia. Volani (usukani) kushoto. Ni wiki tatu sasa na mkono bado unakwenda mlango wa kuume, unakumbuka Ipsum yetu ya zamani. Miaka sita si kidogo.

Dido, 12:33
Lakini acha niwaambie kitu kimoja. Njia ya Kasumbalesa mnaijua, malori ya shaba yamefuatana mkia kwa kichwa. Na Ipsum, Nicole ndiye alikuwa macho yangu. Volani iko kuume na sisi tunatembea kuume, mbele yako ni mgongo wa lori tu. Yeye ndiye anachungulia upande wake: "Bado. Bado. Kuko ingine inakuya. Sasa, pita!" Miaka sita mke wangu hajafumba jicho kwenye ile barabara. Hata na mimba ya Divine alikuwa anachungulia. Jana tumepita peaje, pale pa kulipia barabara, nasikia kimya. Nageuka: amelala. Alilala mpaka Kasumbalesa. Niliyapita malori yote kwa macho yangu mwenyewe. Nilitaka kumwamsha nimwambie, nikamwacha alale.

Mama Mukubwa, 12:35
🙏🏾🙏🏾🙏🏾

Nicole, 12:41
Mule ndani ni kimya sana. Ukifunga vioo, lori linapita kama liko ng'ambo ya mto. Na vumbi haliingii. Nguo nyeupe nilitoka nayo hapa, nikarudi nayo nyeupe.

Tonton Gustave, 12:44
Nguo nyeupe, njia ya Kasumbalesa. Hilo ni jambo.

Patrick, 12:50
Yaya Dido, oili bameweka gani? Ile injini iko na cheni, haina mkanda wa kukatika, ni injini ya mutu anayejua kazi. Lakini inataka oili nyepesi, 0W-20. Lita 4.4 ukibadilisha na filta. Mutu wa garaje akikuletea 20W-50 ju ya joto ya Lubumbashi, mukatalie. Ile ni uji.

Dido, 12:53
Nimeandika. Na esanse (petroli) nimepima mwenyewe. Nilijaza mpaka juu hapa Lubumbashi, Carrefour, nikaenda Kasumbalesa na kurudi, kilometa 190. Kurudi nikajaza pale pale: lita 16. Ipsum ilikuwa inakunywa zaidi, na tulikuwa tunapiga kelele ndani ndiyo tusikilizane.

Dido, 12:55
Mjini ni habari ingine. Kutoka mtaa wa Kenya mpaka mjini, saa ya watu kutoka kazini, inakunywa kama kila motokari.

Patrick, 12:57
Na chini?

Dido, 13:01
Chini ndiyo shida. Tumbo liko karibu na ardhi. Pale mufereji wa kuingia kwa Kambo ilikwaruza siku ya kwanza, nilisikia kama ni ngozi yangu. Sasa natembea na mbao mbili ndani ya kofre, kule nyuma pa mizigo. Na rimu ni za 17, mupira wake mwembamba, shimo moja la mvua unapoteza vyote viwili.

Patrick, 13:04
Tafuta rimu za 16 na mupira 205/65. Kimo kinabakia karibu kile kile lakini mupira unakuwa na nyama. Kuna Camry nyingi zilitoka nazo tangu kiwanda. Hautajuta.

Yaya Solange, 13:05
Tumemaliza mipira? Jumamosi. Kambo, Mama Mukubwa, Tonton, mimi, mbuzi. Dido, jibu ndiyo.

Dido, 13:12
Yaya, watu wote ndiyo, kwa moyo wote. Mbuzi hapana. Vitambaa vya ndani ni vyeupe. Na kuna jambo moja la haraka naomba mnisikilize: plaki (namba ya motokari) haijatoka bado. Natembea na karatasi ya muda, na ile karatasi inaisha kesho ijumaa. Jumamosi njia ya Likasi nitasimamishwa. Kuna mutu anajua nifanye nini?

Junior, 13:14
Mbuzi na yeye iko na karatasi ya muda, inaisha jumamosi 😂

Cousin Trésor, 13:15
😂😂😂

Mireille, 13:16
Junior weye 😂

Cousin Trésor, 13:17
Na kurudi tutapita Kapolowe kununua samaki. Kofre ya Camry ni kubwa, inaingia beseni mbili 🐟🐟

Nicole, 13:18
Samaki HAPANA

Junior, 13:18
Mwezi mzima Yaya Dido atatembea na harufu ya Kapolowe mu klima ya baridi 😂😂

Cousin Trésor, 13:20
Polisi akifungua kofre anafunga mwenyewe, anasema endeni endeni

Dido, 13:31
Jamani, plaki.

Yaya Solange, 13:40
Corolla ya Papa ilibeba mbuzi. Ilibeba makaa, ilibeba mahindi ya shamba, ilibeba sisi tisa kwenda kanisani. Vitambaa vyake vilikuwa na rangi gani, hakuna aliyeuliza.

Mireille, 13:43
Yaya, tuache hiyo.

Yaya Solange, 13:45
Sisemi kitu. Nasema tu kwamba ile motokari iliuzwa, na kuna mutu alisoma nayo mpaka mwisho, na kuna mutu alitembea kwa miguu kwenda shule ya wauguzi mwaka mmoja, halafu hata hiyo miguu ikasimama. Leo nikiomba nafasi ya mbuzi mmoja naambiwa vitambaa.

Dido, 13:47
_Ujumbe huu umefutwa_

Yaya Solange, 13:47
Nimeusoma kabla hujaufuta.

Tonton Gustave, 13:52
Solange. Dido. Si hapa.

Junior, 14:10
Mimi nitambeba mbuzi mu mabega, hakuna shida

Patrick, 16:25
Hiace imejaa. Magunia ya unga peke yake inachukua viti vitatu. Naandika tu mujue.

Mama Mukubwa, 20:31
🎤 _Sauti (2:14)_

Mama Mukubwa, 20:31
Ni Kambo huyo. Amechukua simu yangu. Nilikuwa namsomea.

Cousin Trésor, 20:40
Niko kazini, siwezi kusikiliza. Kambo anasema nini?

Mireille, 20:58
Naandika kama alivyosema, siongezi neno.

"Solange, Dido, nasomewa hapa maneno yenu. Ile Corolla, mwanangu aliiuza mbele yangu. Makuta yake, ile pesa, aliyahesabia juu ya mkeka wangu, akayagawa mara mbili. Nusu ya Dido, nusu ya Solange. Ya Dido ilikwenda mwezi ule ule, maana univasite ilikuwa imeshafungua. Ya Solange alinipa mimi, akasema, mama, weka mpaka shule yake ifungue mwezi wa kumi. Nikaweka ndani ya kopo la unga. Mwezi wa kumi haukufika. Mnajua ni nani alilala hospitali mwezi wa tisa. Makuta ya Solange ndiyo yalinunua dawa. Yaliyobakia yakanunua sanduku. Alinishika mkono, akasema, mama, usimwambie mtoto kwamba nimekula shule yake. Nimenyamaza miaka kumi na moja. Solange, kila ulipokuja kunifulia nguo nilikuwa nataka kusema. Sasa nimezeeka, sitaki kwenda nalo. Jumamosi kiti cha mbele ni cha Solange. Mimi nitakaa nyuma. Na hiyo motokari ije kwanza hapa uani, niipake pemba, udongo mweupe wa baraka, kabla haijatoka mjini. Nimemaliza."

Mama Mukubwa, 21:44
Mmesikia.

Tonton Gustave, 22:02
Hata mimi sikuyajua. Nilikuwa Kolwezi wakati ule.

Dido, 22:19
Kambo, nimesikia. Kwa jina la Mungu sikujua. Miaka yote nilifikiri makuta yote yalikwenda kwangu, na nilikuwa naona aibu kumtazama Yaya.

Dido, 22:20
Yaya?

Dido, 23:37
Yaya Solange, uko?

*Ijumaa*

Nicole, 05:20
Yaya, usiku Dido hakulala. Mimi pia. Karibu nyumbani wakati wowote, hata leo. Nimeweka chai motoni.

Yaya Solange, 06:03
Jambo familia. Dido, Likasi kwenda na kurudi ni lita ngapi?

Dido, 06:04
Yaya jambo! Esanse usijali, hiyo ni yangu.

Yaya Solange, 06:04
Nimeuliza lita ngapi.

Dido, 06:09
Ni kilometa 240 hivi, kwenda na kurudi. Na watu watano ndani, na klima kwa ajili ya Kambo. Weka lita 22.

Yaya Solange, 06:15
Nitakutumia ya lita 11. Nusu.

Dido, 06:16
Yaya, aksanti.

Yaya Solange, 06:21
Na zile mbao mbili za mufereji uziweke tayari jioni. Kambo akiipaka pemba asubuhi, sitaki ikwaruzwe tena pale pale mlangoni.

Mama Mukubwa, 06:30
Kambo anacheka hapa. Anauliza rangi yake ni gani.

Dido, 06:31
Ni ya majivu, Mama Mukubwa. Mwambie ya majivu, pemba itaonekana vizuri.

Tonton Gustave, 06:48
Sasa plaki. Jana tuliicheka, leo ni ijumaa. Dido, ile karatasi inaisha saa ngapi?

Dido, 06:55
Inasema tu tarehe ya leo, Tonton. Niko njiani naenda kuuliza kama wanaweza kuirefusha. Wakikataa, motokari inabakia uani na pemba yake.

Patrick, 07:02
Ikikataliwa, wazee baingie mu Hiace, vijana batafute bisi. Lakini Kambo mgongo wake hautaweza Hiace mpaka Likasi. Barabara munaijua.

Yaya Solange, 07:03
Kambo hapandi Hiace.

Junior, 07:10
Sasa tunafanya aje? Hii mahari ni yangu, moyo unanipiga kweli. Na mbuzi anaenda na nani?

Mireille, 07:12
Ulizeni kule Kikula kama wanaweza kupokea makuta ya mbuzi. Atanunuliwa huko huko.

Yaya Solange, 07:14
Wazee wa kule wanataka kumuona mbuzi kwa macho. Tonton, uwapigie wewe, mimi wataniona ninaamuru.

Tonton Gustave, 07:20
Nitapiga mchana.

Tantine Fifi, 09:47
Jambo familia, sasa nasoma. Ni jumamosi hii ama ile ingine?

Yaya Solange, 09:48
Hii, Fifi. Kesho. 06:00, kwa Kambo.

Yaya Solange, 11:30
Dido, wamesemaje kule?

Dido, 12:52
Niko kwenye mstari bado. Mbele yangu kuna watu wanane, na wanafunga kwenda kula.

Yaya Solange, 12:53
Kaa hapo hapo. Nakuletea chakula.