Shirikisho la Afrika Mashariki: serikali yetu inajivuta au ina akili?

Wakuu kamwene. Nipo Mbeya mjini, tujadili bila matusi. Kila shirikisho, yaani nchi za Jumuiya kuwa kitu kimoja, likitajwa serikali yetu ya Tanzania, awamu yoyote ile, inasema twende polepole. 2013 Kenya, Uganda na Rwanda wakaanza kukutana wenyewe, Entebbe, Mombasa, Kigali, wakakubaliana viza moja ya watalii na watu wao kuvuka kwa kitambulisho tu, sisi na Burundi tukaachwa pembeni hadi Kikwete akaenda bungeni Novemba kusema hatutoki kwenye Jumuiya ila ardhi, ajira na uhamiaji hatukimbizwi. Hapo mimi nipo na serikali. Mkataba wa Jumuiya (EAC) wa 1999 wenyewe unaruhusu wenye haraka watangulie kwenye jambo fulani, wengine wafuate wakiwa tayari, so hakuna msaliti hapo. Shida yangu ni kwamba huo upolepole unapimwa kwa kuangalia Namanga, mpaka wa Kenya, tu. Sisi huku majirani zetu ni Nakonde na Karonga, na Zambia na Malawi hawapo EAC kabisa, wapo jumuiya nyingine, SADC ya kusini mwa Afrika na COMESA ya mashariki na kusini, na COMESA tulijitoa wenyewe 2000. Sasa huku tunaunganishwa na nani?

MNYALU WA KIHESA: Kaka polepole ni sahihi, 1977 Jumuiya ilikufa mali zikagombaniwa miaka, 2007 wananchi walipoulizwa wengi walikataa kuharakishwa. Mimi nauliza ardhi tu. Hapa Mufindi na Njombe tangu parachichi lianze kulipa ukienda kijijini unakuta shamba limeshauzwa kwa mtu wa Dar, na huyo ni Mtanzania mwenzetu, je akija mwenye hela za Nairobi itakuwaje? Na Kongo (DRC) kaingia Jumuiya 2022, yeye na Rwanda hawaelewani mpaka leo, unashirikishwa na nani hapo jamani

MAMA NDIZI TUKUYU: Nyie mnaongelea shirikisho sie tunaongelea Kasumulu, mpaka wetu na Malawi. Machi 2025 Malawi walizuia ndizi, mchele, tangawizi, unga na mahindi ya kwetu, Aprili Bashe, Waziri wetu wa Kilimo wa wakati huo, naye akafunga mazao yao na ya Afrika Kusini, baadaye wakazungumza zuio letu likaondolewa. Sawa, ila ndizi haisubiri mazungumzo, ikishakatwa inaiva humo humo kwenye Fuso, ikianza madoa meusi dalali anakushusha bei mpaka unatamani kuimwaga mtoni. Hasara hiyo hakuna aliyeniuliza

MNYALU WA KIHESA: Pole sana mama. Lakini si umeona, serikali ilikutetea

MAMA NDIZI TUKUYU: Ilinitetea kwa kufunga mpaka mwanangu, wakati mie nautaka uwe wazi

Nirudi mimi mwenye mada. Mama kagusa penyewe. Angalia na Julai 2025, serikali yetu ikawapiga marufuku wageni kufanya biashara ndogo kama saluni, kutengeneza simu na wakala wa kutuma pesa, Wakenya wakalalamika kwamba soko la pamoja lipo tangu 2010. Binafsi saluni sina shida nalo, waachiwe vijana wetu. Ila hiyo siyo polepole tena, hiyo ni kurudi nyuma, na mtu wa Tunduma ndiye anayeogopa kulipiziwa akivuka kwenda kuuza. Mnyalu, ardhi nakuunga mkono mia kwa mia, isiguswe. Ila nijibu hili: kwa nini ulinzi wa ardhi uambatane na kufungiana mazao? Na wabunge wa Nyanda za Juu, nani amewahi kumsikia mmoja akiliuliza hilo? Kama yupo mtajeni