Wapinzani wa Iran wapokee mkono wa mgeni?

Mleta mada
Wakuu, kila Marekani au Israel wakiitishia Tehran naona watu humu wanashangilia, eti Wairani wanakombolewa. Mimi napinga. Harakati ya Iran ikishaegemea mgeni, wananchi wenyewe huikataa. Tazameni Mojahedin-e Khalq, kundi la wapinzani wenye silaha: walipigana na Shah, yaani mfalme, wakaja kupigana na Khomeini aliyeshika nchi baada yake, 1986 wakahamia kwa Saddam wa Iraq wakati vita vya Iraq na Iran vinaendelea, 1988 wakavuka mpaka kuivamia nchi yao. Leo hata Wairani wanaoichukia serikali hawataki kuwasikia. Wanaomsubiri mwana wa Shah ashushwe na ndege za wageni wajifunze hapo.

Sokomoko
Kumbe anayemtaka Reza Pahlavi, huyo mwana wa Shah, ni kibaraka? Mabinti waliouawa 2022 baada ya kifo cha Mahsa Amini, binti aliyefia mikononi mwa polisi wa maadili, walitumwa na nani? Kaulimbiu ya "Mwanamke, Maisha, Uhuru" ilipaa mazikoni kwake Saqqez, mji wa kwao, si Washington!

Mleta mada
Hao ndio ninaowatetea. Soma tena.

BabaZawadi
Mnaruka 1953. Waziri mkuu Mossadegh alitaifisha mafuta 1951, Waingereza wakayazuia yasiuzike, Agosti 1953 akaangushwa kwa mpango wa majasusi wa Marekani na Uingereza, CIA na MI6. CIA wenyewe walikiri kwenye nyaraka zilizotolewa 2013. Na ndani ya Iran aliyemgeuka ni sheikh mkubwa, Ayatollah Kashani. Ndiyo kawaida ya masheikh na siasa.

Ustadh wa Mtaa
Hiyo "kawaida ya masheikh" uifute. Julai 1952 Shah alipomweka Qavam kuwa waziri mkuu badala ya Mossadegh, Kashani ndiye aliyewaita watu barabarani. Damu ilimwagika, na siku chache tu Mossadegh akarudi madarakani. Huyo wenu alirudishwa na sheikh.

BabaZawadi
Sifuti. 1952 siyo 1953. Walishakosana kwa sababu ya madaraka ya dharura, na Mossadegh alipoangushwa Kashani alikuwa upande wa Jenerali Zahedi aliyechukua nafasi yake. Mossadegh, mzee wa watu, akafungwa miaka 3, kisha akazuiliwa nyumbani kwake Ahmadabad mpaka kifo, 1967. Inauma.

Mpwa wa Bandari
Mossadegh naye mnamfanya walii. Alitaka kuvunja bunge kwa kura ya maoni, wa "ndiyo" na wa "hapana" wakapiga kura vituo tofauti, kila mtu anaonekana anakoelekea. Hiyo ni demokrasia gani?

BabaZawadi
Kwa hiyo CIA walikwenda kurekebisha vituo vya kura? Acha hizo.

Sokomoko
Mmeikimbia mada. Novemba 2019 serikali ilizima intaneti karibu nchi nzima, ikaua waandamanaji. Aliyezimiwa na kupigwa risasi amlilie nani kama si wa nje?

Mleta mada
Aililie dunia, hilo sijalikataa. Kumpa njia ya kuwasiliana ni msaada. Bomu si msaada. Juni 2025 Israel ilipiga gereza la Evin, wanamofungwa wapinzani haohao. Waliokufa walikuwemo wafungwa na jamaa waliokwenda kuwaona. Nani alikombolewa pale?

Sokomoko
Na waliowafunga humo je? Mbona hao huwataji?

Ustadh wa Mtaa
BabaZawadi usijifiche. Miaka michache baadaye Shah alimkamata Kashani naye. Kama alikuwa mtu wao, kwa nini wamtie ndani? Nijibu hilo, na ile kauli uifute.