Bangi inakaa siku ngapi kwenye mkojo? Kila mtu ananiambia lake

Msomaji_Kimya
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wenye uelewa. Nilikuwa navuta bangi karibu kila siku kwa muda mrefu, nimeacha kabisa kama wiki mbili zimepita na sina mpango wa kurudi, ila kuna kazi ya udereva nataka kuanza na wanapima mkojo. Kile kijiti cha kujipimia nyumbani kinaonyesha bado ipo. Huyu ananiambia siku 3 inatoka, yule anasema mwezi, mwingine eti ninywe siki. Nimshike nani?

Wa_Maabara
Mkuu wa siku 3 na wa mwezi wote wako sawa, wanaongelea watu tofauti tu. Kinachotafutwa kwenye mkojo sio THC yenyewe (ile kemikali ya bangi inayolewesha), ni mabaki yanayobaki ini likishaivunja. Sasa THC inapenda mafuta, sio kama pombe ambayo inachanganyika na maji ikaondoka, kwa hiyo ukivuta kila siku inajirundika kwenye mafuta ya mwili halafu inavuja kidogo kidogo hata ukiwa umeshaacha. Aliyevuta mara moja kwa kawaida anakuwa safi ndani ya siku 3 hivi, wa mara kadhaa kwa wiki siku 5 mpaka 7, wa kila siku 10 mpaka 15, na mvutaji mzito wa miaka anaweza kupita hata siku 30. Ni makadirio hayo, usiyashike kama kalenda.

Halafu kuna kiwango. Kipimo cha kwanza mara nyingi kinashika kuanzia nanogramu 50 kwa mililita, ikionekana ipo wanarudia kwa mashine ya uhakika zaidi ambayo mpaka wake mara nyingi ni 15. Ukishakaribia ule mpaka unaweza kupima leo haipo kesho ipo na hujagusa kitu, ni mkojo tu umekuwa mzito.

Dada_Mkweli
Siki achana nayo kabisa kaka yangu, haisafishi chochote, na akija wa kukuambia unywe dawa ya kufulia nguo mkimbie, hiyo inaua. Kujijaza maji nako hakusaidii, mkojo ukiwa mwepesi sana wanauona kwenye kreatinini (taka ya mwili ambayo huwa ipo kwenye mkojo) na unaambiwa urudie, na maji ya kupitiliza yanashusha chumvi ya mwili mpaka mtu anapata degedege. Kinachoitoa ni muda, basi.

Msomaji_Kimya
Asanteni sana. Sasa kwenye kijiti leo nimeona mstari wa pili lakini umefifia mno, mpaka nikageuza geuza kwenye mwanga. Ndio nini?

Wa_Maabara
Hapo wengi wanachanganya. Kwenye vijiti hivi mstari wa T (huo wa pili) ukitokea, hata uwe umefifia vipi, maana yake umeshuka chini ya kiwango. Mstari mmoja tu pale C ndio ipo. C isipotokea kabisa kijiti kimeharibika, tupa. Ila rudia baada ya siku chache kwa mkojo wa asubuhi, ule wa kwanza ndio mzito.

Njia_Panda
Niongezee, kama kuna mtu anatumia dawa za VVU zenye efavirenz awaambie wapimaji mapema, baadhi ya vipimo vya haraka vinaisoma kama bangi na mtu hajawahi kuvuta maishani mwake. Kipimo cha pili kinamtoa, wasipokifanya wenyewe akiombe.

Dada_Mkweli
Na wewe mwenye mada usingizi vipi? Aliyekuwa anavuta kila siku akiacha wiki za mwanzo analala vibaya, ndoto za ajabu, hasira za karibu. Inapita, ila wewe unaenda kushika usukani, kama bado hulali vizuri mwone daktari kabla hujaanza.

Msomaji_Kimya
Usingizi ndio umeanza kurudi juzi juzi dada. Nitamwona.