Naomba ushauri: wosia wa mzaha wa binti yangu anayehitimu

Ndugu zangu, ninaishi Marekani, na binti yangu anamaliza darasa la 12 mwezi huu wa Mei. Katika shule nyingi za sekondari za hapa, wahitimu huandika wosia wa kuchekesha unaochapishwa katika gazeti la shule, wakijifanya wanawagawia mirathi wadogo zao wa madarasa ya chini. Huanza kwa lugha ya kisheria kabisa, "Mimi, nikiwa na akili timamu," kisha mmoja huachiwa kabati lisilofungika, na mwingine kiti cha nyuma katika basi.

Wa binti yangu niliusoma jana usiku, na sehemu kubwa ilinifurahisha sana. Amemwachia mpiga tarumbeta mdogo wa bendi yao vibanio vya nguo vya kushikia karatasi za muziki siku za upepo, ambavyo amevitumia miaka yote minne. Linalonisumbua ni mstari mmoja, ambao unamwachia kijana wa darasa la 9, aliyehamia kutoka Kongo mwaka jana, "kamusi yangu iliyochakaa, kwa kuwa unaihitaji kuliko mimi."

Binti anasema ni marafiki na kwamba kijana mwenyewe atacheka. Mimi nakumbuka nilivyochekwa kwa Kiingereza changu nilipofika, na najua kilichochapishwa hakifutiki.

Maandiko yanakusanywa Ijumaa. Je, nimwagize aufute mstari huo, au nimshauri amwoneshe kijana kwanza ili aamue mwenyewe? Waliowahi kulea watoto katika shule za huku, naomba mnisaidie.